Taa Inawaka

Kila asubuhi, kabla sijatia gia ya tatu,
mtu wa kwanza hunifumbulia kiganja:
vidole vinachanua, vinajikunja, vinachanua tena,
kama anayekamua hewa.
Taa, bosi. Taa inawaka.
Nami huinua kidevu: najua, ahsante.

Wa pili ni fundi wa pancha pale Kisumu Ndogo,
mikono miwili imo ndani ya beseni la maji,
anautoa mmoja, unachuruzika, ananiambia taa.
Wa tatu ni mtoto wa shule aliyevua kiatu kukung'uta mchanga.
Amekishika kiatu, amesahau,
anafumbua mkono, kiatu kinaanguka.
Wa nne ni abiria wangu mwenyewe, mgongoni, na tenga la kuku:
"Wewe, jua limepotea hata unalimulikia njia?"

Zamani nilikuwa bahili wa mwanga.
Nilisema, jua la Malindi linahitaji msaidizi wa nini?
Nikazima. Nikahifadhi betri
kama mtu anayehifadhi kiberiti kwa ajili ya kiyama.

Hadi siku ya Mwaringa.
Saa saba mchana, kweupe, daraja la Sabaki liko mbele yake,
lami imeota mazigazi, yale maji yasiyolowesha mtu,
na lori la chumvi kutoka Gongoni likatanua kumpita punda.
Dereva alikuja hospitali na mfuko wa machungwa.
Hakuwa mlevi. Hakuwa na mbio.
Alikaa kwenye benchi akimenya chungwa ambalo hakuna aliyelila,
akirudia neno moja tu:
Sikumwona. Wallahi nilitazama, sikumwona.

Nikajua siku ile kwamba giza lina aina nyingi,
na liko moja ambalo nguo hukauka ndani yake.

Mwaringa sasa anauza maji ya chupa pale stejini,
mguu ameunyoosha juu ya kreti.
Ndiye aliyeigusa swichi yangu kwa ncha ya mkongojo.
"Washa," akasema.
"Si ili uone. Ili uonekane."

Basi huiwasha. Nimeiinamisha, haimchomi mtu jicho.
Lori likitokea kwenye kona ya mchanga
hulipigia mwanga mara moja.
Si kufoka. Ni kubisha hodi.
Na dereva, aliye juu huko, nisiyemjua uso wala jina,
hujibu karibu kwa taa zake,
akanisogezea shibiri mbili za lami.
Katika shibiri hizo mbili ninakula, ninalala,
ninalipa karo.

Ila Bi Mwanahalima, wa njiapanda ya Mambrui,
huyo hakukubali.
Kila siku, upawa wa mbaazi mkono huu,
mkono huu unafumba, unafumbua.
"Bibi, nimeiwasha makusudi."
"Makusudi utaiua betri, mwanangu."
Nikaeleza tena mwezi wa Rajabu, na tena mwezi wa Shaabani.
Aliitikia kwa kichwa. Kesho yake: anafumba, anafumbua.

Jumanne balbu ikaungua.
Nikapita Kisumu Ndogo, fundi hakutoa mkono majini.
Nikapita shule, viatu vyote vilikuwa miguuni.
Nikavuka daraja, lori likaja, likapita,
upepo wake ukanisukuma hadi kwenye changarawe.
Hapana aliyenikamulia hewa njia nzima.
Kumbe mkono wa mtu baki una uzito,
na uzito wenyewe huujui mpaka siku usipoinuka.

Mambrui nikasimama, injini ikitetema.
Bi Mwanahalima akauweka upawa chini.
Akaiangalia pikipiki, akaniangalia mimi.
Mkono wake ukapanda hadi kifuani,
umefumbwa,
haukufumbuka.

"Leo umezima," akasema.
"Nani kakuudhi?"