Dirisha

Zahanati yetu hapa Usoke haikuwa na dirisha upande huu.
Tulifyatua matofali kijiji kizima, zamu kwa zamu;
mlango mmoja, benchi, na Mama Kalunde
anayepima homa kwa kiganja, kipimajoto baadaye.
Uliulizwa jina tu, na unaumwa wapi.

Mwaka wa kuchangia wakaniita na tindo.
"Fundi Msabila, toboa hapa, kimo cha kifua."
Nikatoboa. Nondo tatu, na kibao cha mninga
cha kuegemezea viwiko na kuhesabia sarafu.
Wakanilipa siku hiyohiyo. Wakasifu.

Masika ya pili nilisimama mbele ya nondo zangu,
Shija mgongoni, anachemka.
Tumbaku bado ilikuwa kwenye mabani, chama hakijanunua.
Nikasogeza nusu debe ya asali.
"Asali haina stakabadhi, mzee."
Nilikuwa na miaka thelathini na miwili.

Mama Kalunde akatokea mlango wa nyuma,
sindano kaificha kwenye pindo la khanga.
Hakuandika popote.

Zikaja kadi: kaya moja, watu sita.
Kadi zilikuwapo, dawa hazikuwapo.
Sasa ni bima ya wote, na kimashine cha kidole.
Saruji imenifuta alama; kinanikataa mara tatu,
binti wa mapokezi anakipangusa kioo,
ananipangusa na mimi, tunaanza upya.

Nimemuuliza kama dirisha litazibwa.
Anasema halimo kwenye mpango.

Nyumbani, chini ya kihenge,
nimetunza matofali kumi na moja.
Ni yale yale niliyoyatoa.