Kifungo cha Tatu

Cincinnati, mwaka wa elfu moja mia nane sabini na nne,
kikohozi kikigonga kila mlango mtaa wa machinjio,
nilimchonga Daktari Ostrander kwenye kipande cha mti,
kinyumenyume, kama anavyojiona kiooni:
ndevu, miwani, kizibao chenye vifungo vitano.
Mshumaa mmoja. Ruckert, tajiri wangu,
alikuwa jikoni akichemsha molasi na maji ya mto,
na pilipili kidogo, ili koo lisadiki.

Tulinakili kila kitu. Sahihi yenye mkia.
Hata onyo la pembeni,
JIHADHARINI NA WAIGAJI,
nililichonga herufi kwa herufi
na mkono haukutetemeka.

Siku za mwizi arobaini; zetu zilifika mia na kumi.
Wakili wa kampuni alikuja na lenzi.
"Daktari halisi ana vifungo vitano.
Wa kwenu ana vinne."
Nikatazama. Kweli, cha tatu hakipo.
Labda nilisinzia.

Mahakamani karani akamwita Daktari Ostrander
aje aikane sahihi.
Akamwita mara ya pili. Ya tatu akaita kwa aibu.
Wakili akakohoa: "Mheshimiwa, daktari ni... jina la biashara."
Ile sura ni ya shemeji wa mwenye kampuni,
muuza farasi, hajui hata kupima homa.
Kumbe nilighushi mtu ambaye hakuzaliwa.

Ndipo akapanda Keziah Tolliver, dobi,
vidole vimekunjamana kwa magadi.
Shahidi wao, si wetu.
"Ulimpa mtoto dawa hii bandia?" "Nilimpa."
"Ikamfanya nini?" "Alilia usiku kucha.
Nikamlaani muuza duka mpaka alfajiri."
Wakili akatabasamu. Angeketi hapo.
Lakini mama hakuwa amemaliza.
"Yule wa kwanza, Josiah, nilimpa ile ya vifungo vitano.
Hakulia. Alilala vizuri, majirani wakanisifu.
Jumapili nikamwamsha kwa ibada,
nikamwamsha,
nikamwamsha."

Hakuna aliyeuliza chupa halisi ina nini.
Sisi tuliokuwa kizimbani tulijua: afyuni.
Msinihesabie huruma.
Afyuni ilikuwa ghali, na Ruckert bahili.
Na mzee Pruitt wa ghorofa ya juu,
aliyekufa kwa kichomi akiikumbatia chupa yetu,
hakuitwa na upande wowote.

Hakimu alinirudishia kifungo kilichopungua:
miezi mitatu, na faini juu yake.

Mlangoni Keziah alinishika mkono wa koti,
pingu zikalia kidogo.
Hakunishukuru, hakunitukana.
"Huyu mdogo bado anakohoa," akasema.
"Wewe unayezijua zote mbili,
leo nimnunulie ipi?"
Askari akanivuta,
naye akabaki pale, senti zake mkononi,
akingoja jibu.