Ijumaa Imeshaingia

Wajapani, nasikia, hupenda Alhamisi.
Wamarekani walizoea Jumanne,
na Ulaya huko ni Ijumaa, mshahara ukiwa bado wa moto.
Kuna watu wameketi mahali na kahawa na kalenda,
wanakwepa sikukuu, wanakwepa gemu la jirani
lisije likalimeza la kwao.
Kisha hutandaza ramani. Kidole kinashuka,
kinavuka jangwa,
kinaandika: wengineo.

Mimi Tumpe ni wengineo.
Mimi na runinga zangu nne, Mwanjelwa,
nyuma ya wauza mitumba.

Usiku ule baridi ya Juni ilishuka kutoka Loleza
ikapita chini ya mlango bila hodi.
Vijana kumi na mmoja, blanketi mbili,
na Gwakisa akihesabu kwa vidole:
saa sita usiku ya London, kwetu saa nane.
"Ijumaa ianze saa nane?" nikamuuliza.
"Kwetu jua likizama, imeingia.
Huu ni usiku wa Ijumaa tangu magharibi.
Waliochelewa ni wao."
Wakacheka, meno yakigongana.
Mashine haikucheka.
Kwenye kioo iliandika: Bado.

Saa nane ikafika kweli. Asilimia thelathini na moja,
bando likakata.

Siku ya tisa diski ikaja kwa njia ya Tunduma,
ndani ya gunia la maharage,
na dereva Sichone akadai nauli yake kama ya abiria.

Nami nikaketi. Nina kalenda, ya duka la mbolea,
ya mwaka juzi, lakini siku ni siku.
Nikapanga: Mwanjelwa kwanza, Jumamosi,
wabeba viazi wakishalipwa.
Wiki ya mitihani tusiguse, walimu watanifungia.
Halafu Tukuyu, kwa mdogo wangu Lugano,
pesa ya chai ikitoka;
mvua ya kule inamfungia mtu ndani, atacheza tu.
Makongolosi wangoje.
Wachimbe, waponde, wauze, ndipo niwapelekee.
Sikuona ubaya. Diski ni moja,
na kodi ya banda hainiulizi habari za huruma.

Jumapili simu ikaita.
Sauti ya mtoto, na nyuma yake kinu cha mawe kinaunguruma.
"Shikamoo shangazi. Naitwa Anyimike,
niko huku Makongolosi.
Kwetu linatoka lini?"

Nikaiangalia kalenda.
Kalamu nyekundu, mwandiko wangu mwenyewe,
pembeni kabisa, karibu na tangazo la mbolea:
baadaye.

"Bado," nikasema.

Akanyamaza. Kinu kikaendelea.
Kisha akauliza, kwa adabu tu,
kama mtu anayeulizia nchi ya mbali:
"Huko Mbeya, shangazi,
leo ni siku gani?"