Visoda

Msimu ule mabibo yalioza chini hadi nyuki wakalewa,
nami nilikuwa na genge langu la chai hapa Kitangari,
hatua thelathini kutoka ghala la chama cha msingi.
Niliona yote. Nianze na hilo, lisije likanikwama mwishoni.

Fakihi Nalinga alikuja kila asubuhi na kikombe chake,
kikombe cha bati, maana wateja hawakupenda kuchangia naye.
Mtu wa miaka thelathini na nne,
maneno yake yakitoka kama maji ya bomba letu huku juu:
unayasikia yanaguna muda mrefu kabla hujayaona.
Tulimwita Taratibu. Hata mimi.
Mama yake alimwachia mikorosho sitini
na nyumba ya bati yenye dirisha la bluu.

Ndipo akapata marafiki.

Swaibu, mwenye pikipiki ya mkopo, na Mchopa, mwenye mdomo.
Walimpakia katikati yao, miguu ikining'inia,
akicheka njia nzima hadi Newala.
Walimnunulia soda ya machungwa. Kisoda akakitia mfukoni.
Kila soda, kisoda; kila kisoda, siku aliyokuwa na watu.
Ule mfuko ulilia akitembea, kacha, kacha,
tukamjua kwa mbali, kama mbuzi wa kengele.

Korosho zake zilikwenda kwa kangomba,
usiku, nyuma ya nyumba yake,
mwenyewe akiwashikia tochi.
"Rafiki haulizi mizani," walimwambia.
Kesho yake akanirudia maneno hayo kwa fahari,
kama mtoto aliyehifadhi aya.
Nikamwongezea sukari.
Ndicho nilichofanya. Nilimwongezea sukari.

Kisha wakataka kidole.
Gumba tu, Fakihi. Weka hapa. Bonyeza. Futa jasho. Tena.
Laini saba za simu zikapata jina lake,
na kutoka laini hizo sauti laini, isiyo yake,
ikawaambia watu wa Kahama, wa Mpwapwa, wa Kibondo:
ile hela nitumie kwenye namba hii.
Walituma. Mjane mmoja alituma ya jeneza.

Polisi walikuja Jumanne, wawili, na karatasi moja.
Wakamwambia atoe vilivyo mfukoni.
Akavipanga mezani kwangu, kimoja kimoja, bila haraka,
visoda arobaini na kimoja,
na askari mdogo akaanza kucheka, kisha akaacha.

Swaibu kauza pikipiki. Mchopa, wanasema, yuko ng'ambo ya Ruvuma.
Somoe, dada mtu, alitoka Nachingwea na barua ya hospitali,
akalala sakafuni kituoni siku tisa
mpaka mkubwa mmoja akaisoma.
Nyumba sasa ina bati upande mmoja tu.
Dirisha la bluu limebaki. Sijui kwa nini waliliacha.

Aliporudi nilimuuliza, na najuta namna nilivyouliza,
kwa sauti ile tunayotumia kwa watoto na kuku:
"Hukuona kama wanakuibia?"
Bomba likaguna, likaguna. Nikangoja. Maharage yakaungua.
"Niliona."
Akageuza kikombe, akatazama chini yake.
"Niliona. Lakini wao waliniita Fakihi."

Watu huuliza ni wezi gani hao, walitoka wapi.
Walitoka hapa. Walikunywa chai yangu, wakalipa.
Sisi tulimwacha nje na kikombe chake; wao wakampakia.

Leo asubuhi amepita, mfuko kimya.
Nimejikaza nikamwita, kwa sauti wateja wote wasikie:
"Fakihi! Njoo ukae hapa, kwenye benchi, na wenzako."
Ametazama nyuma yake kwanza, kuona nani anaitwa.
Halafu amekuja hadi ukingoni mwa turubai, hakukaa,
akaniuliza, neno moja, halafu lingine:

"Shilingi ngapi?"