Kuponi Zisizokatwa

Nilimpa Fidahusein elfu kumi na mbili
na pasi ya mkaa iliyokatika mpini,
naye akanipa karatasi aliyoitandika
chini ya droo ya spana, Barabara ya Saba, Ngamiani.
"Chukua tu," akasema. "Mie nilidhani cheti cha ndoa
cha Wazungu fulani."

Ni hatifungani. Marki elfu moja, asilimia tano kwa mwaka.
Herufi zake zina ncha kama majani ya mkonge,
na juu kabisa treni inavuka daraja
kando ya mnazi uliochorwa na mtu
ambaye hajapata kuona mnazi:
nazi zimeota kwenye shina, kama mapapai.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa stoo, karakana ya reli,
nikihesabu nati, madebe ya grisi, mataruma yaliyooza.
Nimestaafu. Sasa nahesabu hizi.
Ninazo kumi na tisa, kila moja na bahasha yake ya plastiki,
dawa ya nondo pembeni, maana kwa Tanga hii
unyevu huiwahi karatasi kabla ya mende.
Mwanangu hunicheka: mama, wenzio wanakusanya khanga.

Wakusanyaji wenzangu walio mbali huuliza hali yake.
Mkunjo mmoja, nawaambia, na doa la grisi
lenye umbo la kisiwa cha Toten.
Muhuri mzima. Sahihi mbili, moja ya mtu mwenye haraka.
Kisha huuliza kuponi.

Chini ya hati kuna visanduku ishirini.
Kila mwaka mwenye hati ashike mkasi,
akate kimoja, akipeleke benki kwao, apewe riba yake.
Vimekatwa vinne.
Mkasi umepita umenyooka, mkono usio na wasiwasi.
Halafu kampuni ikafilisika, reli haijaiona Korogwe,
na kumi na sita vikabaki palepale
kama kalenda ya nyumba iliyohamwa.

Nimewahi kumhurumia, huyo wa mkasi.
Labda alikuwa mjane. Labda alikuwa na watoto wenye kifaduro
na mtu mwenye kofia ndefu akamwambia:
akiba yako ipeleke Tanga, Tanga pesa inaota shambani.
Namhurumia kabisa,
mpaka nifungue kopo la biskuti la bibi Mwanahawa.

Humo mna karatasi nyingine.
Ndogo, ngumu, rangi ya chai ya jana.
Haina treni, haina mnazi, hata ule wa uongo.
Ina jina, Semng'indo, nalo limekosewa,
na visanduku thelathini:
kila siku ya kazi, msimamizi atie alama.
Kipande.
Serikali ya Mjerumani ilikuwa imeshaichukua reli,
na reli ilikuwa inatoka Mombo kwenda Buiko,
na babu yake bibi alikuwa chini ya taruma, begani.
Alama ishirini na tatu. Basi.

Bibi alisema alitoroka.
Dada yake bibi alisema homa, na hakutaka kuulizwa tena.
Mimi ni karani; ninachokiona ni saba.

Juzi usiku, umeme umekatika, nilizilaza zote mbili mezani
nikachora mistari ya daftari kama zamani,
zilizoingia huku, zilizotoka huku.
Kumi na sita. Saba.
Dawa ya deni kulipa, tumefundishwa tangu utoto,
ila hatukuambiwa dozi yake
mgonjwa akiwa kaburini na tabibu kafunga duka.
Nta ilidondokea daftari. Nikaenda kulala, hesabu haijafungwa.

Mnunuzi mmoja wa Hamburg ameitaka ile yenye treni.
Bei yake nzuri, ingetosha bati za uani.
Lakini kwenye picha niliyomtumia ameona kona ya kitu cha rangi ya chai,
na ameuliza, kwa adabu sana,
hicho kidogo kilichojificha pembeni nacho ni kiasi gani.

Nimemjibu leo asubuhi.
Hiyo kubwa tuzungumze.
Hicho kidogo bado hakijaiva.