Milimita Tatu

Sivakasi, mwezi wa tano, saa nne usiku,
na feni inazungusha joto lilelile.
Niliingia na kalenda yangu katika flashi,
kijani chake kiking'aa kama jicho la paka gizani,
nikamkabidhi Irulappan, mwendesha mashine.
Akaifungua, akaguna.
"Hiki ni kijani cha mwanga," akasema.
"Mimi nina wino."

Chuoni Coimbatore tulifundishwa uzuri.
Hatukuambiwa kwamba karatasi hunywa,
kwamba ina mkondo wake kama ubao
na ukiikunja kinyume hupasuka mgongo;
kwamba nyeusi iliyolazwa juu ya rangi tatu
hukesha bila kukauka, ikamchafua jirani wa juu yake.
Hatukuambiwa kwamba kisu nacho huyumba,
kwamba picha sharti ivuke mpaka wake
milimita tatu, za kutupwa,
la sivyo uzi mweupe utabaki ukingoni
ukikucheka.
Kurasa kumi na mbili! Zote nilizipima hadi mwisho,
kama fundi aliyekata nguo akasahau pindo.
Nilizirekebisha siku mbili, macho yakiwasha.

Usiku huo kalenda ikashushwa, ikangoja.
Alikuja kijana, viatu amevishika mkononi,
sijui kwa nini, sakafu yetu ni ya mafuta na vumbi.
"Baba amefariki. Mabango mia mbili
kabla hakujapambazuka."
Huku kwetu maiti hubandikwa ukutani
kabla ya kubebwa, ili mtaa ujue.
Irulappan akanitazama. "Panga wewe."

Chelladurai, miaka hamsini na sita, mfunga fataki.
Picha ilikuwa moja tu, imekatwa na mkasi
kutoka kwenye picha ya harusi ya watu wengine,
na begani mwake vilibaki vidole vinne
visivyokuwa vyake.
Nilianza kuvifuta. Ndivyo nilivyofunzwa:
safisha, acha nafasi, jicho lipumue.
"Viache," akasema kijana. "Ni vya mama."

Hakusema zaidi.
Nikavirudisha kimoja kimoja,
nikaisogeza picha nzima ndani,
milimita tatu,
mbali na kisu.

Nyeusi ikatangulia: mtu wa masizi, hana shavu.
Samawati ikampa baridi.
Majenta ikaja na damu, manjano ikafunga kazi,
lakini nakala za mwanzo zilitoka zimetengana,
ana midomo miwili, macho manne,
kama aliyegeuka ghafla kuitikia jina.
Irulappan akakaza skrubu, kidogo,
akarudisha nusu ya kidogo hicho,
mpaka ile misalaba minne ya pembeni
ikawa msalaba mmoja.
Hapo Chelladurai akatulia.

Kijana alihesabu mia mbili zikiwa bado mbichi,
akitenganisha kwa ncha za kucha.
Kisha akainama kwenye pipa la taka
akaokota moja ya zile zilizoharibika,
ile ya kugeuka,
akaikunja ndani ya shati.
Hatukumlipisha hiyo.

Kalenda ilitoka Alhamisi. Kijani kimepoa,
rangi ya jani la mlonge lililolala juani.
Nimekizoea; wiki hii nakipenda kidogo.

Jana nilipita njia ya stendi nikamkuta ukutani,
kona moja imeng'olewa na mbuzi.
Nikatoa lenzi ya Irulappan, nikasogea
hadi pua ikanusa gundi.
Hapana mtu pale. Vitone tu,
buluu, waridi, manjano, vyeusi,
kila kimoja kikikaa peke yake
kwenye weupe wa karatasi, havijuani.
Mchuuzi wa chai akauliza nimepoteza nini.
Nikarudi nyuma hatua moja. Mbili.
Ya tatu, mkono ukashika bega.