Bahasha ya Tatu

Kwenye kioo cha trekta kilichoota ukungu
nimechora visanduku vinne kwa kidole.
Juu ni mimi, Aune Kettunen,
mjane, matrekta mawili, deni la dizeli.
Ubavuni ni Rauno wa ng'ambo ya mto.

Ijumaa, saa sita mchana,
halmashauri ya Rautajoki itafungua zabuni:
nani azoe theluji ya mji huu
kwa majira mawili ya baridi, na kwa bei gani.

Sote tukitaja juu, mmoja atakosa
lakini hakuna atakayelia.
Mimi juu, yeye chini: kaenda nayo.
Yeye juu, mimi chini: ninayo.
Sote chini,
hapo atakayeshinda ndiye aliyeshindwa.

Kisanduku hicho nakijua. Nimeishi ndani yake.
Miaka minne iliyopita nilikata bei nimkomoe Rauno,
nikashinda, nikapewa mkono na meya.
Kisha theluji ikaanguka siku arobaini na moja,
nami kila saa tisa usiku nikaamka
kulipia kwa mfuko wangu
heshima ya kuitwa mshindi.

Jana Rauno alipiga simu.
Bei hatuzungumzi. Sheria hairuhusu,
na hata ingeruhusu, marehemu Taisto
hakuniachia jina la kufanyia biashara hiyo.
Tuliongea habari za nyonga yake, za mbwa wake aliyezeeka,
kisha, kama mtu apangusaye makombo mezani, akasema:
"Lile trekta jipya nimewarudishia benki."

Simu ikakatika, nikabaki nayo mkononi.
Kama ni kweli, nguvu hana, atataja juu.
Kama ni uongo, anataka niamini atataja juu,
nipande, naye apite chini yangu kama panya chini ya ghala.
Lakini anajua nitanusa. Basi huenda ni kweli
aliyoivika nguo za uongo.
Nawaza anawaza nawaza:
vioo viwili vikitazamana,
kati yao hakuna mtu,
ila taa moja inayojirudia hadi kufifia.

Mwanangu Ilmari, asomaye hesabu chuoni, aliwahi kuniambia:
"Mama, mchezo wa mara moja hufunza wizi,
mchezo usio na mwisho hufunza subira."
Na huu wetu ni upi?
Akacheka, akaomba hela ya vitabu.

Nikafuta kioo kwa mkono wa koti.
Nikajumlisha dizeli, visu vya kuparia barafu,
changarawe, mshahara wa Veli,
na mstari mmoja ambao mhasibu hakunifundisha:
usingizi.
Nikaandika namba ambayo naweza kuikosa bila aibu
na kuipata bila machozi.

Ijumaa, mezani palikuwa na bahasha tatu.

Ya tatu ilitoka kusini, kampuni ya kijana mmoja
aliyekuja na viatu vyembamba na kompyuta,
bei yake chini ya zetu kama sakafu chini ya zulia.
Hakuna aliyekuwa amemchorea safu.

Zikasomwa namba zetu kwa sauti.
Baada ya miaka ishirini ya kuviziana,
mimi na Rauno tulipishana kwa yuro themanini.
Mlangoni akaninong'oneza: "La trekta lilikuwa kweli."
"Najua," nikasema.
Nilikuwa sijui.

Leo ni tarehe nane Januari.
Mashine ya kusini imekwama kwenye kona ya shule tangu alfajiri,
taa yake ya manjano ikizunguka, ikizunguka.
Simu yangu inaita: ni halmashauri.
Naiacha iite mara ya pili, mara ya tatu.
Ng'ambo ya mto, dirishani kwa Rauno, taa inawaka.

Naketi ndani ya trekta, napumulia kioo.
Visanduku vyote vinne vinarudi,
na kando yao, nafasi tupu
ya upana wa kidole.